Soseji za Miraba

Wapo wanaowadharau wezi, wapo wanaowadharau walevi. Bi Chumvi aliwadharau watu wanaopima chumvi kwa mizani. Mwizi, alikuwa akisema, angalau anajua anachokitafuta.

Bahati yake mbaya ni kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyemwoa bintiye wa pekee, na tangu magoti yake yaanze kugombana na ngazi alikuwa akiishi naye nyumba moja, chumba cha nyuma, mlango ukitazamana na jiko. Mkwe huyo alikuwa mtoa dawa katika duka la dawa. Kutwa nzima alihesabu vidonge kwa kisu bapa, akavitia kwenye bahasha ndogo, akaandika juu yake mara ngapi kwa siku. Hilo halikuwa kosa, kwani dawa zinahitaji mtu wa hivyo. Kosa ni kwamba akirudi nyumbani hakuyaacha mambo hayo mlangoni pamoja na viatu. Jikoni aliweka mizani ndogo ya betri, daftari lenye jalada la kijani na penseli aliyoichonga kwa wembe. Alipima unga. Alipima maji. Siku moja Bi Chumvi alimkuta akipima yai, akamuuliza kama kuku alikosea. Akampachika jina la Bwana Gramu, akawa anamwita hivyo hadharani, hata mbele ya wageni, na yule bwana alikuwa akicheka tu. Hata kutukanwa hakujua, na hilo lilimuudhi mama mkwe kuliko mizani yenyewe.

Halafu ikaja mashine. Jirani mmoja alikuwa anahama, akauza vitu vyake, na Bwana Gramu akarudi na mashine ya wafo kwapani: ile ya umeme ya kupikia keki za miraba miraba, yenye mabamba mawili ya chuma yanayofunguka na kufungika, na taa nyekundu inayozimika chuma kikishapata moto. Mtu mwenye akili zake angepika wafo, akala, akaosha chombo, akakitia kabatini mpaka wajukuu waoe. Mkwe aliizunguka mashine ile siku tatu, ya nne akasema, "Mama, nadhani hii inaweza kupika soseji."

"Na pasi ya nguo je?" Bi Chumvi akauliza. "Yenyewe inaweza kupika nini?"

Hakukoma. Kila Jumamosi asubuhi alisaga kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta yake, akatia chumvi ya mizani, pilipili manga, kitunguu saumu na kungumanga ya kukwaruza, akamwagia maji ya barafu kidogo na kuichanganya. Halafu alifinyanga madonge bapa, akayapanga juu ya chuma cha moto na kushusha mfuniko. Nyama ikalia, mvuke ukatoka pembeni, mafuta yakachuruzika kwenye kisahani alichokitega chini. Dakika nne kwa saa ya mkononi, si tatu wala tano. Akifungua, kinachotoka ni kitu cha kahawia, bapa, kimejaa miraba pande zote mbili, hakina ngozi, hakina ncha, hakina kile kipindo cha soseji iliyozaliwa kihalali.

Bi Chumvi alikishika kwa vidole viwili siku ile ya kwanza, akakigeuza huku na huku.

"Soli ya kandambili," akasema.

Mjukuu wake, binti wa miaka mitano, alizipenda. Alitia sosi ya nyanya katika kila mraba, tone moja moja, akisema kila mtu amepata chumba chake. Bi Chumvi aliona kwamba mtoto ameanza kuharibiwa mapema.

Msidhani alikuwa bibi mkorofi tu asiye na la kujisifia. Kwa miaka thelathini na mmoja sasa alikuwa akipika kifungua kinywa katika hoteli yenye vyumba ishirini, na jina lake alilitolea jasho. Alianza kama muosha vyombo. Asubuhi moja mpishi wa zamani, mwanamume mwenye sauti kubwa kuliko ujuzi wake, alikuwa amesimama juu ya sufuria ya supu akilalamika kwamba imekosa kitu asichokijua. Yule msichana wa vyombo akapitisha kidole kwenye mfuniko aliopewa aoshe, akakilamba, akasema, "Chumvi. Finyo mbili, na ya pili iwe ndogo." Wakacheka. Wakatia finyo mbili, ya pili ndogo, wakaacha kucheka. Tangu siku hiyo hakuna sufuria iliyotoka jikoni mle bila kijiko kuletwa mdomoni mwake. Wapishi walipanga foleni, vijiko mkononi, kila mmoja na swali lile lile: "Bi Chumvi, ina chumvi?" Naye aliwajibu akiwa anafanya mengine, bila kugeuka. Mwenyewe hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Angemuuliza nani?

Na soseji zake ndizo zilizowarudisha wageni. Kazi yake haikuwa na siri yoyote, ila hakuna aliyeiweza. Alitia chumvi pungufu kwa makusudi, akakanda, akang'oa kipande cha nyama kidogo kama kifungo cha shati, akakikaanga pembeni, akakionja. Akaongeza finyo. Akakanda, akang'oa, akakaanga, akaonja. Mara nyingine mara tatu, mara nyingine sita, maana nyama ya leo si nyama ya jana. Ulimi ukisema basi, ndipo alipoijaza kwenye utumbo wa kondoo uliosafishwa na kuipindapinda. Hakuhesabu finyo hata siku moja. Kuhesabu, kwa maoni yake, ni kazi ya watu wasio na ulimi.

Bwana Gramu aliwahi kumuuliza. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo Bi Chumvi alikuwa akipika soseji za nyumbani ili watu wakumbuke soseji ni nini baada ya balaa la Jumamosi. Mkwe alikaa kwenye kona, kwenye kigoda, akimenya vitunguu saumu kwa ukarimu ambao hakuna aliyemwomba.

"Mama, kwa kilo moja unatia chumvi kiasi gani?"

"Mpaka itoshe."

"Sawa. Lakini ikishatosha, inakuwa kiasi gani?"

"Inakuwa ya kutosha."

Mkwe akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelezwa jambo. Kila Jumapili alikuwepo kwenye kigoda kile, na kila Jumapili Bi Chumvi alijiuliza bintiye aliona nini kwa mtu huyu, maana sura tu haitoshi na yeye hata sura hakupewa ya kutosha.

Kisha yakaja mafua. Mafua tu, si ugonjwa wa kuhadithia watu. Yalimlaza siku tisa, na yalipoondoka yakaondoka na mali yake. Siku ya kumi aliamka na nguvu zake, akanywa chai, ikawa maji ya moto. Akang'ata kitunguu, kikalia mdomoni bila kusema neno. Akaenda jikoni peke yake, akafungua kopo la chumvi, akaweka finyo nzima katikati ya ulimi, akafumba macho akasubiri. Ilikuwa mchanga. Alisimama pale mpaka ule mchanga ukayeyuka, na hofu iliyomshika ilikuwa hofu ya kweli, ya kukata pumzi, ambayo hakuisikia hata siku alipomzika mumewe.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Wiki ikapita, na ya pili, na ya tatu, naye kazini hakurudi, akisingizia magoti. Hotelini walikuwa wamemweka kijana wa kushikilia, mwenye cheti cha chuo cha upishi na kofia ndefu, na Bi Chumvi alishapata habari kwamba soseji za kijana huyo hununuliwa zimegandishwa. Wiki ya tano mwenye hoteli akapiga simu. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyeirithi hoteli kwa baba yake, mtu wa haki lakini asiyependa maneno marefu.

"Ndugu zangu wanasema nikupumzishe," akasema. "Wameshanunua na saa ya ukutani ya kukuaga. Mimi nimewaambia nitakuja kwako kwanza. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi. Nipikie soseji. Nikizila nitajua kama umepona."

"Nimepona siku nyingi, bosi."

"Basi vizuri. Ukiwa vile vile, Jumatatu unarudi kazini."

Saa ya ukutani. Bi Chumvi aliwahi kuona walivyomuaga mlinzi wa geti kwa saa ya ukutani, na mfua mashuka pia. Sijui nani alibuni dhihaka ya kumpa saa mtu unayemwambia muda wake umekwisha. Aliapa moyoni kwamba hiyo yake wataitundika chooni kwao wenyewe.

Alikuwa na siku saba, na mpango wake ulikuwa huu: kwa kuwa ulimi umekufa, atatazama nyuso. Alipika kila siku, akawapakulia, akakaa akiwachungulia. Upuuzi mtupu. Bintiye alikuwa na mapenzi mengi mno, kila kitu kilikuwa "kitamu, Mama," hata siku ile alipojaribu kuacha kutia chumvi kabisa. Mkwe ndiye alikuwa hasara kamili. Alikula mpaka mwisho, akafuta sahani kwa mkate, akashukuru. Uso wake haukueleza kitu. Bi Chumvi alimtazama akitafuna na kujisemea kwamba ng'ombe angempa habari zaidi, akaacha kumtazama. Akabaki na mtoto. Jumatano mtoto alikunywa vikombe vitatu vya maji. Alhamisi alisema, "Bibi, leo haina kitu." Kati ya Jumatano na Alhamisi kulikuwa na sehemu fulani, na Bi Chumvi hakujua iko wapi.

Dawa ilikuwa rahisi. Angeweza kumshika yeyote mkono, akamwambia nimepoteza ulimi, nionjee. Lakini hiyo ilikuwa ni kukaa kwenye foleni yenye vijiko, na yeye alikaa miaka thelathini na mmoja upande ule mwingine.

Ijumaa mchana alisaga kilo mbili za nyama nzuri, akaloweka utumbo, akafunga mlango wa jiko. Akaanza kama kawaida. Finyo, kanda, ng'oa, kaanga, onja. Hakuna. Finyo nyingine. Hakuna. Alijua kwamba hakuna kitakachokuja, na bado mkono uliendelea, maana ndiyo njia pekee uliyoijua. Alikaanga vifungo vya nyama ishirini, thelathini. Alitafuna mpaka taya zikauma. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la magharibi wakati moto ulipogeuka wa njano, ukashuka, ukazimika. Akautikisa mtungi wa gesi. Ulikuwa mwepesi.

Mlango ukasukumwa, mjukuu akaingia, akachukua kifungo kimoja kutoka kwenye sahani, akakitia mdomoni. Akakitoa papo hapo na kukiweka kwenye kiganja chake, kwa adabu.

"Chumvi, Bibi."

"Imezidi?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaenda kunywa maji. Kilo mbili. Wauza nyama walishafunga, wauza gesi hawafungui kabla ya saa tatu asubuhi. Bi Chumvi alifunika beseni kwa sahani, akaosha mikono, akaenda kulala bila kula, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba magoti yanamuuma.

Asubuhi saa kumi na mbili alikwenda jikoni akiwa na simu mkononi. Alikuwa ameshayapanga maneno: bosi, mafua yamerudi, usije. Lakini taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Bwana Gramu alikuwa amevaa aproni ya mkewe yenye maua, ile kilo yake ya kila Jumamosi imeshasagwa na iko kwenye bakuli, mizani mbele yake, mashine ya wafo pembeni imechomekwa.

"Gesi imeisha, Mama," akasema.

"Unaniambia mimi?"

"Na ile nyama ya kwenye beseni nimeionja."

Mkwe aliendelea kufuta mizani kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Tangu uumwe unatia chumvi nyingi au hutii kabisa. Mwanzoni nilidhani ni nyama. Halafu ile Jumanne ulimwaga siki kwenye chai ukainywa."

"Mkeo anajua?"

"Sijamwambia mtu. Si langu la kusema."

Kumbe ng'ombe alikuwa ameona kila kitu. Bi Chumvi alivuta kigoda, kile kile cha kwenye kona, akaketi. Alikuwa na aibu, na aibu haikuwa nguo aliyoizoea.

Mkwe akafungua daftari la kijani kurasa za katikati, akaliweka mbele yake. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wa bahasha za dawa, palikuwa pameandikwa: *Chumvi ya Mama*. Chini yake tarehe, Jumapili kumi na nne, na mbele ya kila tarehe uzito wa nyama na uzito wa chumvi. Kwa kilo moja, gramu kumi na saba na nusu. Kumi na saba na nusu. Kumi na nane. Kumi na saba na nusu. Kumi na saba. Kumi na saba na nusu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilikuwa napima kopo la chumvi kabla hujaanza. Ukimaliza, ukienda kunawa, nalipima tena."

"Nyuma ya mgongo wangu."

"Mbele yako ungenipiga na mwiko."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo aliliruka.

"Na ulitaka nini?"

"Nilikuuliza, ukaniambia mpaka itoshe," mkwe akasema. "Nikataka kujua kutosha ni wapi. Na kumbe ni pale pale, Mama. Kila Jumapili. Nilidhani mizani imeharibika, nikanunua betri mpya. Sijawahi kuona mkono wa hivyo."

Bi Chumvi alipitisha kidole juu ya tarakimu zile, moja baada ya nyingine. Miaka yote alidhani kila siku ni siku yake, kila nyama na hukumu yake, na hapa kulikuwa na mtu anayemwonyesha kwamba ulimi wake ulikuwa ukirudi mahali pamoja kama mtu anayerudi nyumbani. Ulimi ule ulikuwa mzima siku hizo zote kumi na nne. Ulikuwa umelala kwenye karatasi yenye alama za vidole vya mafuta. Ilibidi aseme kitu haraka.

"Saba zako zinafanana na moja," akasema. "Utakuja kuua mtu kwenye hilo duka lenu."

Akainuka, akakunja mikono ya gauni.

Mkwe alipima, yeye akakanda. Hapo hakuhitaji kuambiwa, kwani mikono yake ilikuwa hai: ilijua maji ya barafu yaingie lini, ilijua nyama inapoacha kuachana na kuanza kushikana na vidole. Chumvi ilipokwisha kuingia, mkono wa kulia ukajiendea wenyewe kwenye kopo kutafuta finyo ya mwisho. Bwana Gramu akaweka kiganja chake juu ya kopo.

"Hapana, Mama."

Miaka tisa katika ukoo huu, na hilo ndilo lilikuwa hapana lake la kwanza. Bi Chumvi alimtazama juu mpaka chini, aproni ya maua na yote, akaurudisha mkono wake.

Utumbo haukuwa na kazi tena, kwani ngozi ikibanwa kwenye chuma kile ingepasuka. Alifinyanga madonge bapa kwa mikono iliyowahi kupinda soseji mia mbili kabla ya jua kutoka, akayapanga kwenye miraba, akafunga mfuniko mwenyewe. Nyama ikalia. Alisimama pale amenuna dakika nne nzima, mkwe akitazama saa.

Mwenye hoteli alifika saa mbili kamili, na mkoba wake, na haraka yake. Bintiye Bi Chumvi alimkaribisha mezani, akamimina chai. Sahani ikaja. Mgeni akaitazama kwa muda.

"Hivi ni nini?"

"Soseji."

"Zimekanyagwa na nani?"

Huo ulikuwa mzaha wa Bi Chumvi mwenyewe, ameutumia miezi, lakini mdomoni mwa mtu mwingine ulimkera ajabu. Mtu ambaye hajawahi kuwasha jiko lake mwenyewe, eti anacheka miraba ya watu.

"Kula kwanza, bosi. Kucheka kupo."

Mwenye hoteli akakata kona, akaila. Akakata tena, kubwa zaidi, halafu akaacha kisu akala kwa mkono. Alimaliza kipande cha kwanza, akavuta cha pili.

"Ni zenyewe," akasema. "Nimezikumbuka. Sura sijui mmeitoa wapi, lakini ni zenyewe." Akapangusa vidole. "Sawa. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Nitawaambia wale waning'inize saa yao wanapotaka."

Bintiye akapiga makofi ya furaha. Bi Chumvi akainamisha kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeletewa kilicho chake. Ilikuwa imekwisha. Alikuwa amepata.

"Na kabla sijasahau." Mwenye hoteli alifungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya sosi nyekundu. "Kijana wangu ametengeneza hii ya nyanya. Wageni wanaiacha kwenye sahani, na hakuna anayejua imekosa nini. Hebu ionje."

Akamimina kidogo kwenye kijiko, akakinyoosha mezani. Bi Chumvi akakipokea, akakitia mdomoni. Kilikuwa kitu laini, baridi, kinachoteleza. Basi. Wote walikuwa wanamtazama, hata mtoto. Na maneno yalikuwepo tayari, hayakupotea na mafua: *maji ya kuoshea nyanya*, au *mwambie arudi chuoni akadai ada yake*. Neno lolote kati ya hayo lingepita. Miaka yote watu walimwamini hasa pale alipodharau, na kijana yule angeongeza chumvi, au angeipunguza, na hakuna ambaye angejua mpaka sufuria ya kwanza ya wageni.

Alijua hivyo, na alijua pia kwamba sufuria ya kwanza ingekuwa Jumatatu.

Akamimina tena, akamnyooshea kijiko mtu aliyesimama mlangoni na aproni ya maua.

"Wewe. Onja." Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyoikusudia. "Ina chumvi?"

Bwana Gramu alionja, akafikiri, akaonja tena kwa sababu ndivyo alivyo.

"Chumvi ipo, Mama. Iliyokosekana ni siki. Kidogo tu."

Mwenye hoteli aliweka kikombe chini taratibu. Akamtazama mkwe, akamtazama Bi Chumvi.

"Tangu lini?"

"Tangu mafua. Hii ni wiki ya sita."

"Na hizi nilizokula?"

"Ni za kwangu. Huyu aliiandika chumvi yangu wakati ulimi bado ninao."

Daftari likaletwa. Mwenye hoteli alilisoma kwa makini, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Bintiye alikuwa amemshika mama yake bega, na kwa mara ya kwanza Bi Chumvi hakulitoa bega.

"Jumatatu uje," mwenye hoteli akasema mwishoni. "Uje na hili. Soseji ni zako. Supu na mchuzi na hayo mengine yote atatia chumvi yule kijana, wewe umwangalie mikono. Hilo ndilo ninaloliweza."

"Nimekusikia, bosi."

Mgeni alipokwenda zake, bintiye akakusanya vyombo, mtoto akaendelea kujaza sosi kwenye vyumba vyake. Bi Chumvi alibaki mezani na daftari. Alilifungua kurasa za mbele, akapekua. Unga. Maji. Yai, gramu hamsini na nane. Akapekua kurasa za nyuma, zilikuwa tupu.

"Supu yangu iko wapi?" akauliza.

Mkwe alikuwa anafuta mashine ya wafo, mraba kwa mraba, kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti.

"Sikuipima, Mama."

"Mchuzi wa nyama?"

"Hapana."

"Maharage? Yale ya vitunguu, ambayo baba yake mke wako alikuwa anaomba mara mbili?"

"Soseji tu, Mama. Nilikuwa najifunza soseji."

Bi Chumvi alifunga daftari, akaweka kiganja juu yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mjinga wewe," akamwambia. "Umekaa jikoni kwangu na mizani wakati wote ule. Ulikuwa unangoja nini?"